Mwanzo Usio na Shahidi

Rigveda ina nyimbo 1,028 zilizopangwa katika vitabu kumi. Wasomi wengi wanakadiria kuwa zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, zikahifadhiwa vichwani kizazi hadi kizazi kwa uangalifu mkubwa, hadi mkazo wa kila silabi, kabla hazijaandikwa. Nyingi ni nyimbo za maombi: mvua inyeshe, ng'ombe waongezeke, adui ashindwe, moto wa sadaka uwake. Wimbo wa 129 wa kitabu cha kumi hauombi chochote. Una beti saba, na kazi yake yote ni kuuliza kulikuwa na nini kabla ya vyote. Unakataa kusema kulikuwa na kitu, na unakataa vilevile kusema hakukuwa na kitu. Kifo hakikuwapo, uzima wa milele haukuwapo, usiku haukuwa umetengana na mchana. Kulikuwa na Kimoja, kinaishi kwa nguvu zake chenyewe. Halafu ikaamka tamaa, mbegu ya kwanza ya fikra. Na mwishoni, pale ambapo ungetarajia sifa na utukufu, mtunzi anahoji kama yupo yeyote anayejua. Miungu wenyewe walikuja baadaye. Huenda aliye juu kabisa, anayeutazama ulimwengu, anajua ulivyoanza. Huenda hata yeye hajui.

Wimbo huo ni urithi wa majirani zetu hapa Dodoma. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika mji huu mwaka 1910, na wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat wakaja nayo. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumenunua kwao chumvi, khanga, misumari, na viatu vya shule. Tunajua nani anakopesha na nani hakopeshi. Methali tuliyowapa ni ile ya Baniani mbaya na kiatu chake. Lakini ukimsimamisha mtu pale sokoni Majengo umuulize majirani hao walifikiri nini juu ya asili ya ulimwengu, atakutajia sanamu na ng'ombe, basi. Hilo linaniuma. Kuishi ukuta kwa ukuta na watu wenye swali zito kiasi hiki, na kuwajua kwa bei za vitu tu, ni hasara yetu.

Kwa hiyo nimeandaa mjadala. Dodoma ni kwao mshairi Mathias Mnyampala, aliyezipa ngonjera jina na heshima, kwa hiyo kupambanisha hoja uso kwa uso ni kazi yenye wenyewe hapa. Wasemaji wangu ni wa kubuni. Hoja wanazotoa ni za kweli na zina historia ndefu. Wameketi barazani mbele ya duka, si mbali na stesheni. MAMA ndiye mwenye duka. Jamaa zake wengi waliondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, yeye akabaki. MZEE ni Mgogo wa Chamwino, mkulima wa zabibu na alizeti. USTADHI anafundisha madrasa. MWALIMU ni wa fizikia, na Jumapili husoma masomo kanisani kwa Waanglikana. BINTI yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma.

BINTI: Shikamoo Mama. Kile kitabu ulichoniazima nimekimaliza.

MAMA: Marahaba mwanangu. Umekionaje?

BINTI: Nimeuona Mlipuko Mkuu, Mama. Hakuna anga, hakuna mchana wala usiku, halafu Kimoja kinaamka kwa joto lake chenyewe. Na zile hesabu! Siku moja ya mungu Brahma, wanayoiita kalpa, ni miaka bilioni 4.32. Dunia yetu ina miaka bilioni 4.54. Zimekaribiana mno kuwa bahati tu. Hawa watu walijua.

MWALIMU: Ni bahati, binti yangu. Ifuate hesabu yenyewe. Zama ziko nne. Hii tuliyomo, Kali, ina miaka 432,000. Iliyoitangulia ni mara mbili yake, 864,000. Kabla ya hiyo ni mara tatu, 1,296,000, na ya kwanza ni mara nne, 1,728,000. Jumlisha zote unapata 4,320,000. Zidisha kwa elfu moja, hiyo ndiyo kalpa. Namba imezaliwa na namba nyingine. Hakuna aliyepima jiwe. Sisi jiwe tunalipima. Majabali haya ya Dodoma, Mlima Simba na wenzake, ni sehemu ya kiini kikongwe cha bara hili, na yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tunajua kwa sababu ndani ya chembe zake urani inageuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na mwendo huo unahesabika.

BINTI: Lakini wazo lenyewe, Mwalimu? Kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo mmoja wa joto?

MWALIMU: Wazo la sayansi lina njia yake. Mwaka 1929 Hubble alionyesha kwamba galaksi zinazidi kuachana, na kadiri moja ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia. Mwaka 1965 ukagunduliwa mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto. Ndipo tukafikia umri wa ulimwengu wa miaka bilioni 13.8. Na aliyetangulia kueleza mwanzo wa namna hiyo alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1931. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa. Padre yule yule! Aliona kwamba ukiifunga imani kwenye nadharia, siku nadharia itakaporekebishwa imani nayo itaburutwa.

MAMA: Mwalimu amesema kweli, na mimi nafurahi. Ukiniambia wazee wangu walikuwa wanafizikia, mwanangu, unawapa sifa wasiyoitafuta na kuwanyima ile waliyoifanyia kazi. Joto lile la kwenye wimbo ni joto la mtu aliyefunga, aliyekaa akatafakari mpaka mwili ukachemka. Na hesabu ndefu za zama zina kazi yake: mfalme akizisikia, ajue ufalme wake una urefu gani.

Hapa nasimama upande wa Mama na Mwalimu bila kusita. Madai kwamba kitabu cha kale kilikwisha kutabiri maabara nimeyasikia kwa Wahindu, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na kila mara yananionyesha msomaji ambaye hakutaka kukisikia kitabu kwa sauti yake chenyewe. Swali la Rigveda lina uzito bila kupewa cheti cha sayansi.

USTADHI: Mimi nianze na deni. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wetu, alijifunza Kisanskriti, akazungumza na wasomi wa India, akakamilisha kitabu chake juu yao karibu mwaka 1030. Hizi zama na kalpa anazozihesabu Mwalimu zimo mle, zimeelezwa kwa utulivu, bila matusi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Mwislamu haruhusiwi kuyasikiliza haya. Nayasikiliza. Ila ubeti ule wa saba, Mama, hapana. Aliye juu ya vyote, halafu hajui? Ujuzi wa Mwenyezi Mungu hauna tundu. Akikosa kujua hata kitu kimoja, si Mungu tena.

MAMA: Ustadhi, utazame wimbo unavyokwenda. Umekwisha kusema miungu walikuja baadaye. Unatafuta shahidi. Shahidi lazima awepo kabla ya tukio, na kila anayeitwa anaonekana alifika baada yake. Sasa anaitwa wa mwisho, aliye juu kabisa. Mtunzi hana njia ya kujua kama huyu naye ni wa tangu kabla au ni wa baada. Anakataa kumtolea ushahidi.

USTADHI: Basi tuseme binadamu hajui. Hapo tunakubaliana, tunakunywa chai.

MAMA: Ningependa tukubaliane, lakini wimbo hauishii hapo. Sitaupunguza ili tupatane.

MZEE: Mbukwenyi jamani. Nimewasikia muda mrefu, naomba na mimi niseme. Kwetu Ugogo Mulungu yupo, hilo halina ubishi. Lakini hadithi za koo zetu zinaanza na safari. Huyu alitoka Uhehe, yule alitoka Ukaguru, wakakuta nchi ipo, wakaomba mvua. Kabla ya nchi hatukuuliza. Sisi ni watu wa ng'ombe, na nchi yetu ni kavu. Mwaka ukikataa kunyesha huna nafasi ya kuuliza kabla ya nyota kulikuwa na nini.

MAMA: Na hawa nao walikuwa watu wa ng'ombe, Mzee. Nyimbo zao zimejaa ng'ombe. Shujaa wao Indra anasifiwa kwa kumuua joka aliyeyazuia maji. Walihesabu utajiri kwa mifugo na walitazama mawingu kama mnavyoyatazama nyie.

MZEE: Eee! Wafugaji?

MAMA: Wafugaji. Katikati ya maombi ya mvua, mmoja wao akasimama akauliza.

MZEE: Basi huyo namtaka. Nilidhani ni swali la watu waliokwisha kushiba.

Baada ya Rigveda yalikuja maandiko yaitwayo Upanishad, na humo swali likapata majibu yanayogombana. Katika Taittiriya utakuta kwamba mwanzoni kulikuwa na kutokuwako, na kuwako kukatokea humo. Katika sura ya sita ya Chandogya yupo baba, Uddalaka, anayelikataa wazo hilo waziwazi. Mwanawe Shvetaketu amerudi nyumbani akiwa na miaka 24, amesoma miaka 12, amejaa majivuno. Baba anamwuliza: kuwako kutatokaje kwenye kutokuwako? Mwanzoni, anamfundisha, kulikuwa na kuwako kupekee, kumoja, bila cha pili. Kisha anamtuma kijana alete tunda la mti wa jamii ya mkuyu. Kwa kuwa mikuyu inamea kwenye makorongo ya huku kwetu, Mama amemwomba Mzee aje na makuyu kadhaa, na sahani iko mezani.

MAMA: Pasua moja, mwanangu.

BINTI: Nimepasua. Kuna vijidudu ndani, Mama.

MZEE: Hao hawakosekani kwenye kuyu. Puliza tu, waondoke.

MAMA: Unaona nini kingine?

BINTI: Mbegu. Ndogo kama vumbi la tumbaku, zimeshikana na nyama nyekundu.

MAMA: Chukua moja uipasue.

BINTI: Nitaipasuaje? Haishikiki. Ngoja nitumie pini. Haya, imevunjika.

MAMA: Unaona nini ndani?

BINTI: Sioni kitu.

MAMA: Baba yule alimwambia mwanawe kwamba mti mkubwa wote umesimama kutoka kwenye hicho asichokiona. Halafu akamtaka aweke chumvi kwenye maji usiku, asubuhi amwambie chumvi iko wapi. Haikuonekana. Akamwonjesha maji ya juu, ya katikati, ya chini. Kote chumvi.

BINTI: Nikiweka ile mbegu chini ya hadubini nitaona seli, na ndani ya seli maelekezo yote ya mti.

MWALIMU: Na ukishayaona, swali la Uddalaka linahamia kwenye hayo maelekezo. Linarudi nyuma hatua moja, haliondoki.

MZEE: Mimi hilo nalijua kwa mashine. Nyumbani nakamua alizeti. Mafuta yanatoka, mashudu yanabaki kwa ng'ombe. Yanatoka kwa sababu yalikuwamo. Ningeweka mchanga, ningeunguza mota bure.

MAMA: Mzee, umemtaja Ishvarakrishna bila kumjua! Huyu aliiandika falsafa ya Sankhya kwa muhtasari wa beti kama 70, yapata miaka 1,600 iliyopita, na mfano wa mbegu za ufuta ni wa shule yake. Mafuta yamo kwenye ufuta kabla ya kukamuliwa. Kwenye mchanga hayamo. Kwa hiyo kila kinachotokea kilikuwamo tayari ndani ya chanzo chake, kimejificha. Na ulimwengu vilevile. Mwanzo wake ni asili moja isiyoonekana, yenye nguvu tatu: ya mwanga na utulivu, ya msukumo, ya uzito. Zikiwa sawasawa, hakuna kinachotokea. Uwiano ukivurugika, ulimwengu unaanza kufunuka: akili kwanza, kisha hisia ya umimi, kisha milango ya fahamu, na mwishowe ardhi na maji. Pembeni ziko roho, zinashuhudia tu.

USTADHI: Na muumba?

MAMA: Katika kitabu hicho hayumo.

USTADHI: Hayumo kabisa? Na ni falsafa ya Wahindu?

MAMA: Kabisa, na ni mojawapo ya zile sita zinazoheshimiwa.

BINTI: Basi mimi napinga, Mzee unisamehe. Kama chungu kimo tayari ndani ya udongo, mfinyanzi tunamlipa kwa kazi gani? Tuchote maji kwa bonge la udongo.

MZEE: Mjukuu wangu, umenishika.

MAMA: Umesema kama watu wa shule za Nyaya na Vaisheshika. Hao walishikilia kwamba kinachotokea ni kipya, hakikuwapo. Mwalimu wao Kanada alifundisha kuwa vitu vyote vimeundwa na chembe zisizogawanyika. Mbili zinaungana, jozi tatu zinaungana, ndipo unapata kitu kidogo kuliko vyote tunavyoweza kuviona: lile vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani. Na kwa kuwa chembe hazijipangi zenyewe, walihitaji mpangaji. Karibu mwaka 1000 Udayana aliandika kitabu kizima cha kuthibitisha kuwa Mungu yupo.

USTADHI: Huyo ndugu yangu!

MAMA: Subiri, Ustadhi. Chembe zenyewe ni za milele. Mungu wa Udayana anazipanga, hakuzitoa patupu.

USTADHI: Hapo tunaachana. Ghazali mwaka 1095 aliwashambulia wanafalsafa wetu kwa kosa hilo hilo, kusema ulimwengu hauna mwanzo. Ibn Rushd akaja kumjibu karne iliyofuata. Kwa hiyo vita hivi navijua.

MWALIMU: Kwetu Thomas wa Akwino aliamini kuwa ulimwengu una mwanzo, lakini akasema akili peke yake haiwezi kulithibitisha hilo, linapokewa kwa imani. Kuna waliomkasirikia.

Msomaji aniruhusu hapa. Watu huandika "Wahindu wanaamini kwamba" kisha wakamalizia sentensi kana kwamba kuna jibu moja. Sankhya haina muumba. Udayana anaye. Ramanuja, aliyefariki karne ya 12, alifundisha kuwa ulimwengu ni mwili wa Mungu. Gaudapada alisema hakuna kilichowahi kuzaliwa. Na wote waliipokea Veda, maandiko ambayo Rigveda ni sehemu yake. Walisoma maandiko yale yale, wakafundisha katika nchi ile ile, kila mmoja akieleza hoja ya mpinzani kwa ukamilifu kabla ya kuivunja. Ningependa kuona vyuo vyetu vya dini vikifanya hivyo hata kwa wiki moja.

MAMA: Bado sijawaambia anayenisumbua mimi. Kumarila Bhatta, karne ya 7. Hakuna aliyeitetea Veda kwa ukali kuliko yeye, na bado alikana kwamba kuna aliyeuumba ulimwengu. Aliuliza hivi: muumba alisimama wapi wakati hakukuwa na mahali? Kama alikuwa na mwili, mwili huo ulitoka wapi? Kama hakuwa nao, alitaka na kutenda kwa kutumia nini? Halafu akauliza lile linaloniuma. Mnasema aliumba kwa huruma. Alimhurumia nani, wakati viumbe hawakuwapo? Na kama ni huruma, kwa nini dunia imejaa maumivu?

MZEE: Rudia hilo la mwisho, Mama.

MAMA: Kama aliumba kwa huruma, maumivu haya yote ni ya nini?

MZEE: Hapa Ugogo kulikuwa na njaa tunayoiita Mtunya. Bibi yangu alizaliwa nyakati hizo. Alikuwa akisimulia aliyoambiwa na mama yake, watu wanaacha wazee njiani, watoto wanabadilishwa kwa nafaka. Akifika hapo ananyamaza. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa Mvumi. Lakini hilo swali la huyo bwana nimekuwa nalo tangu utoto, sikujua kama lina mwenyewe.

Mtunya ilidumu kati ya mwaka 1917 na 1920. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika Ugogo iliyokuwa na watu wapatao 150,000.

USTADHI: Mzee, sisi tunasema dunia ni mtihani, na hikima ya Mungu ni pana kuliko macho yetu. Najua kwa aliyezika mtoto jibu hilo ni zito. Lakini kikombe kikikushinda kupima bahari, huwezi kusema bahari haipo.

MWALIMU: Mimi jibu la hoja sina, Mzee. Nina Mungu aliyekubali kuteseka mwenyewe. Kumarila angeniambia hilo si jibu la swali lake, na angekuwa na haki.

BINTI: Na Wahindu wengine walimjibuje?

MAMA: Shankara, karne ya 8, alisema Mungu si katili, kwa sababu kila kiumbe hupata kadiri ya matendo yake ya maisha yaliyopita. Wakamwuliza, je, mara ya kwanza kabisa, kabla ya matendo yoyote? Akasema hakuna mara ya kwanza. Mzunguko hauna mwanzo.

BINTI: Kwa hiyo waliokufa Mtunya walistahili? Mtoto aliyebadilishwa kwa debe la mtama alilipa deni la maisha mengine?

MAMA: Hapo ndipo mimi mwenyewe ninaposimama, mwanangu, na siendi na Shankara. Nimezaliwa mji huu. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosa. Hizo ndizo sababu, zina majina na miaka. Anayeziruka akaenda kutafuta dhambi za maisha yaliyopita amewafichia waliotenda.

MZEE: Ahsante, Mama.

BINTI: Basi tufike na pale nilipotaka tangu mwanzo. Katika kitabu hicho hicho cha kumi kuna wimbo wa 90. Jitu lenye vichwa elfu linatolewa sadaka, na ulimwengu unatoka mwilini mwake. Mwezi kutoka akilini, jua kutoka jichoni. Sawa, ni picha kubwa. Lakini kinywa chake kikawa makuhani, mikono ikawa wapiganaji, mapaja yakawa wazalishaji na wafanyabiashara, na miguuni wakatoka watumishi. Hapo hadithi ya mwanzo imekwisha kuamua nani akae wapi.

MAMA: Nimelelewa na hilo. Sisi ni wa jamii ya Walohana. Tulipofika Afrika ya Mashariki kila jamii ilijenga ukumbi wake, na ndoa zilipangwa humo humo. Wapo waliopinga kutoka ndani. Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na kufika Nairobi mwaka 1903, ilifundisha kuwa daraja la mtu ni sifa zake, si tumbo alilotoka. Na Ambedkar, aliyezaliwa kati ya waliotengwa kabisa, mwaka 1946 aliuchambua wimbo huo wa 90 mstari kwa mstari na kuukataa. Nasimama naye.

MWALIMU: Sisi nasi tusijifanye wasafi. Kuna waliosoma kitabu cha Mwanzo, laana ya Nuhu juu ya mjukuu wake, wakasema Mwafrika aliumbiwa utumwa. Watu wenye elimu, wenye kanzu za kanisa.

BINTI: Ndiyo maana wimbo wa 129 nimeupenda hata baada ya kunyang'anywa Mlipuko Mkuu. Asiyejua ulimwengu ulianzaje hawezi kuniambia kwamba tangu mwanzo mimi ni wa miguuni.

Hilo ndilo ninalolishikilia mimi mwandishi. Karibu kila simulizi ya mwanzo inayodai uhakika imewahi kupata mtu wa kuitumia kupanga watu ngazi kwa ngazi. Wimbo wa 129 hautoi ngazi. Haumpi kuhani ushahidi wa kuwa alikuwapo, haumpi mfalme ukoo wa nyota.

MAMA: Usiubebeshe mzigo mkubwa mno, mwanangu. Nyimbo hizo mbili zimekaa kitabu kimoja miaka elfu tatu. Wanaume walioukariri wa 129 kwa usahihi wa kila silabi ndio hao hao waliowazuia watu wa chini wasiisikie Veda ikisomwa. Wimbo haukuwazuia.

BINTI: Kwa hiyo haukusaidia kitu?

MAMA: Ulibaki. Hakuna aliyethubutu kuufuta, na aliyeutaka aliukuta.

MWALIMU: Na mimi niongeze la darasani. Tunazo hesabu za ulimwengu mpaka sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, kisha zinakatika. Nguvu ya uvutano na fizikia ya chembe hazijapatanishwa pale. Mwanafunzi akiniuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, namwambia hatujui, na kwamba hata hilo neno "kabla" huenda halina kazi pale. Baadhi yao huondoka wamechukia. Wanataka mwalimu ajue.

USTADHI: Nina vijana wakubwa pale madrasa, wameanza kusoma Ghazali. Nataka niwasomee wimbo huu wasikie swali lilivyoulizwa huko, kabla ya Aristotle, kabla yetu.

MAMA: Utawasomea mpaka wapi?

USTADHI: Beti zote saba. Nitawaambia ule wa saba siukubali, na nitawaeleza sababu zangu.

MAMA: Na Kumarila?

USTADHI: Huyo niandikie hoja zake zote, moja baada ya nyingine, usiziregeze. Nitamjibu kwa maandishi, na jibu nitakuletea hapa ulisome.